Mgeni wa Bitutu Siku ya Sabato

Watu wa Rongo wakikuambia Bitutu alipoteza mguu kwa sababu ya gari, usiwaamini. Gari lilimvunja goti tu. Mguu uliondoka kwa maneno, na aliyemkaribisha mtu wa hayo maneno ni mimi, Mellen, ninayeuza ndizi karibu na Bitutu sokoni huu mwaka wa kumi na nne.

Sisi wanawake wa ndizi tunanunua upande wa Kisii, tunapakia pikapu hapa Rongo, tunashusha Homa Bay. Na mwenye ndizi haketi mbele na dereva, anaketi juu ya mikungu yake. Ukikaa mbele kama bibi ya chifu, kila gari linaposimama mkono wa mtu unaingia nyuma, na ukifika Homa Bay unakuta mkungu umenyolewa. Kwa hivyo tunapanda juu, tunatandika majani makavu, tunaimba nyimbo za kanisa njia nzima. Bitutu ndiye alikuwa anaanzisha.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, pikapu ya Elvis, dereva wetu, iliteleza kwenye kona ikalala ubavu mtaroni. Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani na malaria. Bitutu alirushwa, na ukingo wa gari ukamwangukia gotini. Elvis si mtu mbaya, ila ni mwoga. Polisi walipofika aliwaambia, "Huyu mama alikuwa anatembea kando ya barabara." Bitutu alikuwa amezimia, hakusema ndiyo wala hapana.

Nilipofika hospitali huko Homa Bay, Elvis alinivuta kando. "Auntie, bima ya gari yangu inalipia mtu niliyemgonga barabarani. Mtu aliyepanda juu ya mzigo, haimjui. Tafadhali nyamazeni."

Bima ilitoa pesa za matibabu ya dharura. Kumbe hizo pesa zina mwisho! Mwisho ulifika siku ya tano, goti lenyewe halijaguswa. Zilikwenda na kitanda, picha, damu na sindano. Daktari akasema goti linataka kufunguliwa na kuwekwa vyuma kabla ya wiki tatu kuisha, la sivyo kidonda kitaingia kwenye mfupa na mguu utakatwa. Kampuni ya bima ikasema italipia operesheni hiyo ikimaliza uchunguzi wake. Kadi ya matibabu ya serikali, Bitutu hakuwa ameilipia mwaka ule. Basi tukamrudisha nyumbani Rongo na bandeji, mguu ungoje karatasi.

Nikamweleza yale maneno ya Elvis. Akaniangalia sana. "Mellen, mimi nilikuwa juu ya ndizi zangu."

"Najua. Nyamaza. Mguu kwanza, ukweli baadaye."

"Na nikiulizwa mbele ya Mungu?"

"Mungu hafanyi kazi kwa bima!" nilimwambia. Alikubali, lakini nilijua limemkaa kifuani.

Sasa sikia upumbavu wetu. Sisi Wasabato, Jumamosi baada ya ibada tunatembelea wagonjwa. Siku hiyo hatuuzi, hatununui, hata habari za biashara hatuzigusi. Mtu akiingia kwa mgonjwa Jumamosi, Biblia kwapani, huyo ni ndugu. Angekuwa nani mwingine? Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu anayeweza kuwa kazini siku ya Sabato.

Jumamosi ya pili akaja mwanamume wa koti la kijivu. "Sabato njema, dada. Naitwa Barnabas. Nimesikia kuna mgonjwa hapa." Na mimi, mimi mwenyewe, nikampokea kwa mikono miwili! Nikamtolea kiti cha mto, kile cha Mosoti, mume wa Bitutu. Nikamwekea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Alikula vizuri, mbwa yule. Aliimba na sisi, tena beti zote alizijua. Halafu akamgeukia Bitutu kwa sauti ya upole. "Dada, tupe ushuhuda. Bwana alikutoaje kwenye ajali?"

Hakuna Msabato anayedanganya kwenye ushuhuda. Machozi yalimtoka Bitutu, na nilimwona anavyopumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilikuwa juu ya mikungu ya ndizi, naimba. Gari likalala. Bwana akanishika." Tukasema amina. Barnabas naye akasema amina.

Mosoti alimsindikiza mpaka kwenye lami. Aliporudi uso ulikuwa umembadilika. "Shemeji, yule ndugu ameingia kwa gari akatoa karatasi, akaanza kuandika."

Barua ya bima ilikuja baada ya siku kumi. Imeonekana aliyeumia alikuwa amepanda juu ya mzigo, bima haimhusu, na kiasi cha dharura kilishalipwa. Nilienda ofisini kwao nikapiga kelele mpaka askari wa mlangoni akasimama. Msichana wa pale alisema, "Mama, hapo ndipo mwisho wa bima."

"Mwisho wake uko wapi kwenye mguu?" nilimuuliza. "Nionyeshe kwa kidole!"

Tulifanya harambee kanisani. Pesa zilipotimia, usaha ulikuwa umeshaingia mfupani. Zikalipia kukata.

Na bado kuna watu walikuja kuniambia, ati njia ya mwongo ni fupi. Kweli ni fupi. Lakini mwongo anaipita kwa miguu miwili.

Tangu hapo mimi nikawa askari wa mlango wa Bitutu. Jumamosi iliyopita akaja mzee mmoja, amebeba mfuko mdogo na Biblia. "Sabato njema." Sikuitikia. "Umetumwa na nani? Toa kitambulisho." Mzee akatafuta mifukoni, akanipa. Jina lilikuwa Ratemo. Alikuwa ametoka Kegonga alfajiri, magari matatu, kwa sababu walimwombea Bitutu kanisani kwao, akataka kumwona. Kwenye mfuko mlikuwa na maharagwe.

Ndani nikasikia kilio. Bitutu hakulia siku ya kukatwa, wala siku ya barua. Alikuwa analia sasa.

"Mguu umeenda, Mellen," akasema. "Usinifukuzie na watu."

Nilisimama hapo mlangoni, kitambulisho cha mzee wa watu mkononi mwangu. Nikamrudishia. Nikaenda kuleta kiti cha mto, kile kile alichokalia Barnabas, nikakifuta kwa leso yangu mara mbili, nikamwambia mzee akae.