Kumwonjea Mama Tumbaku

Tumbaku naichukia tangu utotoni, na sitaki mtu aniambie kwamba ni suala la mazoea. Mama ameuza tumbaku ya kiko katika soko la Ikutha tangu kabla sijazaliwa. Harufu yake ilikaa kwenye blanketi zetu, kwenye unga wa ugali, mpaka kwenye Biblia yangu. Shuleni hakuna aliyependa kuketi karibu nami, na sikuwalaumu.

Sokoni kwetu mnunuzi hanunui mpaka muuzaji aonje kwanza. Muuzaji humega kipande cha jani, hukitafuna mbele ya watu, hutema, kisha hutaja jani limetoka wapi na limekaushwa vipi. Akikosea, wazee humcheka na kuhamia kwa jirani yake. Kisha kwa vidole vilevile vilivyotoka mdomoni humpimia mteja, na mteja hupokea na kushukuru. Mimi hilo lilinishinda kulitazama. Mama hakuwahi kukosea, na wazee walitoka mbali kuja kwake.

Halafu akashikwa na homa moja mbaya. Alipopona, pua na ulimi havikupona. Muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, aliupenda sana, sasa ukawa kwake kama kutafuna karatasi. Hakumwambia mtu ila mimi. "Wakijua, nimekwisha," alisema. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanijibu kwamba methali haijawahi kumpikia mtu chakula.

Basi mimi mwanakwaya, ambaye pasta wangu hukemea tumbaku karibu kila Jumapili, nikawa ulimi wake. Kila asubuhi ya soko alipanga kwenye mkeka jikoni vifurushi alivyonunua vimechanganyika, nami nikavionja kimoja baada ya kingine. Ya Mwingi, iliyokaushwa juu ya moshi, ilinikwaruza koo. Ya Makueni ilianza na utamu wa kinafiki, kisha uchungu ukaja nyuma ya meno. Ya kwetu Ikutha ilinuka zizi la mbuzi, basi. Iliyofungwa kabla ya kukauka ilikuwa na ladha ya soksi mbichi. Mate yalinijaa, nikakimbilia nyuma ya choo kutapika. Mama alingoja nimalize.

"Ni ya wapi?"

Nikianza kulalamika alinikatiza. "Sikuulizi mashairi. Ya wapi?"

Nikimtajia, alifunga kifurushi kwa uzi, kila mahali na rangi yake. Sokoni alitafuna, akatema, akasoma uzi kwa jicho la pembeni na kutaja bila kusita. Aliisifu tumbaku asiyoisikia mpaka mimi mwenyewe nikakaribia kuamini.

Mambo yaliendelea hivyo hadi siku ambayo mzigo wa Mwingi ulichelewa, ukashushwa na lori palepale sokoni. Kamba zake zilikuwa zimelegea. Nilipokwenda kununua mboga, Mama akaimwaga tumbaku yote katika gunia tupu alilokuja nalo la kukalia. Gunia lilikuwa la mbaazi, na nyumbani kwetu mbaazi haziwekwi bila dawa ya wadudu. Mwenye pua angejua mara moja.

Niliporudi, mzee mmoja, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa ameshika kiko chake tayari, na Mama alikuwa anatafuna.

"Hii ni ya Mwingi kabisa," alimwambia. "Imekauka vizuri, hata huwezi kohoa."

Harufu ilinipiga kabla sijaketi. Nikachukua kipande, nikakigusisha ulimi. Dawa tupu. Nikatema karibu na viatu vya mzee.

"Mwaitu, tema hiyo!" nilimwambia Mama, kwa jina tunalowaita mama zetu. "Mzee, usivute. Hiyo iko na dawa."

Watu wakageuka. Mzee alikasirika. "Wewe mtu wa kanisa unajua nini na tumbaku? Na unamkosoa mamako mbele ya watu?"

Jibu lolote lingemvua Mama nguo. Dawa ilinichoma ulimi, nikawachukia wote watatu: mzee, gunia na tumbaku. Mama alitema. Alilitazama gunia, akaligeuza, akaona vumbi jeupe kwenye mshono.

"Yeye ndiye anajua," alisema kwa sauti. "Mimi sisikii kitu. Tangu ile homa, hii tumbaku yote mmekuwa mkivuta, ni yeye anaonja."

Hakuna aliyecheka. Mzee alirudisha kiko mfukoni, nikajua tumempoteza. Kisha akaonyesha kifurushi kingine.

"Basi huyu msichana aonje."

Mama alinipa maji, nikasukutua, naye akasukutua. Kati ya waliokuwa wakitazama walikuwepo akina mama wawili wa kanisani kwetu. Nikamega jani, nikatafuna mbele yao.

"Ni ya Makueni," nikasema. "Imekauka kivulini."

Mzee akaitikia kwa kichwa na kutoa kiko. Niligeuka niteme, lakini Mama alinishika mkono.

"Usiteme kwanza," aliniambia polepole. "Iko aje?"

"Ni mbaya, Mwaitu. Iko na utamu kidogo, kama miwa imelala. Halafu inachoma hapa nyuma."

Alikuwa amefumba macho, na mdomo wake mtupu ulikuwa ukitafuna pamoja na wangu.

"Eeh," alisema. "Endelea."