Siwema Ashuka Sekenke

Tabora kuna watu wa kujidai, na Siwema binti Sadiki wa Mtendeni ni mmojawapo. Ana haki. Anaendesha lori la trela, na katika miaka yote aliyobeba mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tabora hajaangusha hata mfuko mmoja wa saruji. Wanyamwezi wa zamani walipita njia hii kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Siwema akipanda usukani hujiona mjukuu wao halali, ila yeye amebahatika kupata kiti.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu, naye ni baba yake mzazi. Mzee Sadiki aliendesha malori ya tumbaku ya Urambo enzi za barabara ya vumbi, na alitaka mwanawe wa kiume, Mussa, amrithi. Mussa akafungua duka la vitenge. Siwema aliposema basi atakwenda yeye, mzee alijibu, "Lori si sufuria," akaendelea kula. Hata siku binti alipoleta leseni nyumbani, aliitazama tu akamrudishia. Lilimuuma Siwema, tena sana, ingawa ukimuuliza atakuambia hajali.

Mwaka jana mzee alipelekwa Dodoma kutolewa mtoto wa jicho. Siku ya kurudi, Siwema alikuwa akipita na saruji, nusu ya kushusha Igunga, nusu ya Tabora. Mzee akapanda mwenyewe, jicho moja limefungwa bandeji, akidai mabasi yana kelele. Uongo mtupu, maana lori lile lina kelele kuliko mabasi yote. Siwema alijua amekuja kumkagua. Na ukaguzi wenyewe ulikuwa mbele, baada ya Singida, kwenye mlima Sekenke, wenye kona na mteremko uliowavua ushujaa madereva wengi.

Juu ya mlima alisimama pembeni. Akashuka, akagonga matairi, akahakikisha upepo wa breki umejaa. Halafu akaweka gia ndogo kabla pua ya gari haijainama, kwa sababu gia ya mteremko huchaguliwa juu. Ukishaanza kuporomoka, umechelewa. Wapo wajanja wanaotoa gia kabisa ili gari liteleze lenyewe, wabane mafuta. Siwema husema hao wanabana dizeli ili ndugu zao wapate ya kununulia sanda.

Injini ikanguruma, ikilizuia gari lisikimbie. Mwendo ukizidi kidogo, alikanyaga breki kwa nguvu mpaka upungue, kisha akaiachia ipoe. Hakuilalia, maana breki iliyolaliwa hupata moto, na ikipata moto haishiki tena. Kila penye kona mguu wa kulia wa mzee ulikuwa ukikanyaga sakafu.

Lori la vitunguu likaanza kuwapita kwa honi ndefu. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Bi harusi! Bwana atachoka kusubiri!"

Hilo ndilo jina walilompa madereva, kwa jinsi anavyoshuka milima kwa madaha. Siku nyingine huwa anacheka. Siku hiyo, mbele ya baba yake, lilimchoma, lakini hakuongeza mwendo hata chembe.

Kwenye kona basi likatokea likipanda. Yule wa vitunguu akajirudisha upande wake kwa pupa, akajibana mbele ya Siwema, magurudumu yakifuka moshi.

"Mwanangu!" mzee akapiga yowe.

Siwema akakanyaga. Breki zake zilikuwa baridi, zikashika. Lori likatetemeka, saruji yote ikilisukuma kwa nyuma, kisha likasimama, na kati yake na lile la vitunguu pakabaki nafasi ya kupita baiskeli. Basi likapita salama. La vitunguu likaenda zake likinuka breki zilizoungua. Siwema alivuta pumzi, akaanza tena kwa gia ileile hadi chini.

Shelui, chini ya mlima, walilikuta lori la vitunguu limeegeshwa. Dereva wake, Gerson, akawafuata kibandani walikokuwa wakinywa chai kati ya madereva wengine.

"Shikamoo, mzee. Samahani sana kwa yale ya mlimani." Kisha akamkazia macho. "Kumbe ni wewe, Baba Mussa, dereva wa tumbaku! Ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza huyu dada amesimamishaje mzigo ule. Kumbe ulikuwa unamwelekeza!"

Siwema akaweka kikombe chini. Baba yake anapenda sifa kuliko halua. Akizipokea hizi, Tabora nzima itazisikia kabla ya Ijumaa, na yeye atabaki binti aliyeshikwa mkono.

"Marahaba," mzee akasema. "Mimi nilikuwa nakanyaga sakafu tu. Aliyesimamisha gari ni huyu."

Gerson akacheka. Mzee hakucheka. Tangu azaliwe kifungua mimba wake, mji mzima umemwita kwa jina la mtoto huyo, na hakuna mzee wa Mtendeni aliyewahi kulibadili jina la namna hiyo.

"Na usiniite Baba Mussa," akaendelea. "Mussa anauza vitenge, Mungu ambariki. Mimi ni Baba Siwema. Ukifika Tabora, waambie."

Machozi yakamtoka Siwema mchana kweupe, mbele ya madereva wenzake, na hakuyafuta.