Toleo Jipya na Hoteli ya Matemwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hujaota hata jino, nimekubeba mgongoni hadi ofisini Mlandege. Tulikuwa tukiandika mifumo ya kompyuta ya mahoteli. Vipande tulivyoandika viliungwa na programu moja ya kujengea, nayo ilikuwa imetolewa toleo jipya. Nikasema tulichukue, maana la zamani lilikuwa likitupotezea nusu siku kila tukibadilisha kitu. Saidi, mwenzangu, akacheka.

"Bi mdogo, kamnyonyeshe mtoto. Ya kompyuta tuachie sisi."

Nikapandwa na hasira, nikafanya ujinga. Nikafuta toleo la zamani kwenye kompyuta ya kazi, nikaweka jipya. Hakuna kilichojengeka. Hata mfumo mmoja! Na hoteli ya Matemwe inafunguliwa Jumamosi. Bosi akanambia, "Ijumaa ikifika mfumo wao hauko tayari, usirudi."

Nyumbani nikamlilia bibi yako mzaa baba, Bi Zuwena, mpishi wa maharusi. Hakunibembeleza.

"Sufuria jipya umelipeleka harusini, hujalipikia hata wali wa nyumbani? Na la zamani ushalitupa? Loo! Hasira hiyo itakulaza na njaa."

Kesho yake nikarudisha toleo la zamani. Jipya nikaliweka kwenye kompyuta ya akiba, nikalijaribu kwa kazi ya Matemwe tu. Likakataa. Nikasoma kosa moja moja, nikarekebisha. Alhamisi adhuhuri likaujenga mfumo mzima kabla hujamaliza kunyonya! Nikaulinganisha na ule uliojengwa na toleo la zamani, sawasawa. Nilipiga kigelegele, ofisi nzima ikasimama.

Matemwe wakafungua na mfumo wao. Bosi sasa akataka mahoteli yote yahamie toleo jipya siku ile ile. Nikamwambia hapana, hoteli ya Mbweni wamejaa wageni, wabaki na la zamani hadi msimu uishe. Safari hii alinisikiliza. Saidi naye akaja taratibu.

"Hebu nionyeshe."

"Kaa. Na mtoto umshike."

Ukamkojolea.

Basi sikiliza. Wakikucheka, kasirika, mimi mwenyewe bado nna hasira nao. Lakini hasira yako isiguse kitu ambacho watu wanakitegemea. Kipya kijaribu pembeni, kwa kazi moja, cha zamani kikiwa mahali pake. Ukishaona kwa macho yako, sema kwa sauti, usimwogope mtu. Mungu akupe akili ya kupima na ulimi wa kusema, na popote utakapoingia na mwanao mgongoni, wakupishe kiti. Amin.