Fremu Yangu ya Maharagwe

Mimi hujiita mtu wa mjini. Mama mkwe akitoka shambani kwake Kuresoi kutuona hapa Nakuru, humwambia wazi kwamba kulima nilimwachia yeye.

Mwezi huu nilirembesha kioo cha bafu. Nilikata fremu ya kadibodi, nikabandika maharagwe aliyotuletea kwa gundi ya unga, nikajisifu kwenye grupu ya chama chetu cha akiba. Mvuke wa maji moto sikuufikiria. Vijimkia vyeupe vilipochomoza, nilidhani ni gundi inatoka!

Jumapili wanachama walikuja kuiona. Kabla sijawapeleka, mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu wiki hiyo, akatoka bafuni, mkononi mche wa kijani.

“Mama Brayo,” akasema mbele ya wote, “maharagwe ya bafu imemea kushinda yangu. Jembe iko wapi, nikupalilie?”