Mjomba wa Wandera Apasuliwa Sikio

Wandera alimnunua sungura sokoni Njiru kwa nia moja tu: kitoweo cha Krismasi. Krismasi ikafika, kisu kikanolewa, mnyama akamlamba kidole. Familia ikala maharagwe. Na kwa kuwa sungura alikuja kama mgeni na hakuonyesha dalili ya kuondoka, Nasambu, mke wa Wandera, akambandika jina la Mjomba.

Mjomba akaitawala nyumba yao ya Komarock. Wandera, pande la mtu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni na mwimbaji wa besi kanisani, alipotoka kazini alimsalimu Mjomba kwanza, mkewe baadaye.

Kisha Mjomba akaanza kuinamisha kichwa upande mmoja. Majirani wakasema anasikiliza umbea. Lakini alipozunguka kama pia na kususia hata majani ya karoti, Wandera alimtia kikapuni, mbio hadi kwa Jacklyne, daktari wa mifugo.

"Usaha wa sungura hautiririki, mzee," Jacklyne alimweleza. "Ni mzito kama siagi, na umejaa sikioni mpaka ndani ya mfupa. Dawa ya matone haitafika. Nitapasua chini ya sikio, nitoe njia ya sikio iliyooza, nisafishe mfupa."

"Atasikia tena?"

"Upande huo, hapana. Ila maumivu yatakwisha."

"Basi pasua, daktari."

Kazini aliomba ruhusa: Mjomba anapasuliwa sikio. Hapo hakusema uongo. Odera, msimamizi wake, akampa pole na ruhusa.

Mjomba alirudi nyumbani nusu ya kichwa imenyolewa, kidonda kimeachwa wazi kidogo kisafishwe kila siku. Wandera, ambaye hakuwahi kumbadilishia mwanawe hata nepi moja, alikisafisha mwenyewe, akimwimbia pambio polepole.

Jumamosi, hodi! Odera na wenzake wa kiwandani, mikononi maziwa na ndizi.

"Tumekuja kumwona mjomba wako."

Nasambu akakimbilia jikoni, kanga mdomoni. Wandera hakuwa na pa kujificha. Akaingia chumbani, akatoka amempakata mgonjwa.

Odera akamtazama sungura, akamtazama Wandera, akamrudia sungura.

"Kweli," akasema, "masikio ni ya ukoo wenu."

Vicheko vikapasua paa. Walipochoka kucheka, Odera alivua kofia. "Tulikuja kumwombea mgonjwa, na mgonjwa yupo." Wakaomba. Kabla ya amina, Mjomba alikuwa ameshaanza kuitafuna ndizi, pamoja na ganda lake.

Siku hizi kichwa chake kimebaki mshazari kidogo, na Wandera huzungukia upande wa sikio zima kabla ya kumwita.