Mishipa ya Jani la Mshelisheli

Assalaam alaykum. Mnaonijua hapa Tibirinzi mnajua kuwa naukokota mguu wa kulia. Leo nawaeleza ilikuwaje, maana huenda mmoja wenu ana mgonjwa nyumbani, au kesho mgonjwa akawa yeye.

Mie ni mwalimu wa kuchora. Siku za mapumziko nilikuwa nakwenda pwani ya Vitongoji maji yakishatoka, nachuchumaa kutazama vijitufe vya mchanga ambavyo kaa wadogo huvitandaza kuzunguka matundu yao. Kaa simchori. Nachora ule mpango wenyewe: mstari unaanzia wapi, unagawika wapi, kwa nini hapa peupe na pale pamejaa. Watu wakiniuliza, "Mwalimu, mbona hatuoni kitu?" Nacheka. Nilijiona mzima. Presha sikuwahi kupima.

Asubuhi moja darasani, chaki ikanidondoka. Nikainama kuiokota, vidole havikushika. Nikataka kuwaambia wanafunzi watulie, ikatoka sauti isiyo neno. Nikaanguka.

Nilipozindukana hospitali, mdomo ulikuwa umepinda, mate yananichuruzika, shuka imeroa mkojo. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia, "Ni kiharusi. Mshipa umeziba kichwani. Bahati yako umeletwa mapema. Sasa ni dawa na mazoezi."

Aliyekuwa akinibadilisha ile shuka ni mdogo wangu, Raya. Nikakumbuka: wiki ile alikuwa aende Unguja kuanza chuo cha ukunga. Sanduku lilikuwa limeshafungwa. Ulimi wangu haukuweza kuuliza, akajibu mwenyewe.

"Meli nimeiacha iende zake. Hebu geuka huku."

Nikalia. Akadhani naumwa.

Tuliporudi nyumbani, mazoezi yalinishinda. Siku moja nikairusha penseli ukutani kwa mkono wa kushoto. Raya alitoka uani, akarudi na jani la mshelisheli, akaligeuza mishipa ikawa juu, kisha akakishika kidole changu kilichokufa, akakiweka kwenye mshipa mkubwa.

"Si wewe unayechambua mistari? Haya, ufuate huu mpaka unapokwisha."

Kidole hakikwenda. Akakisukuma yeye. Kila jani likinyauka analeta jingine. Mpaka siku hiyo kidole kikatangulia chenyewe, kidogo tu, kama upana wa punje ya mchele. Raya akapiga kigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani imeletwa posa.

Nikaanza kuchora tena. Mistari ilitetemeka, lakini iligawika mahali pake. Hapo ndipo hatia iliponikaba. Kila mstari ulioninyookea niliuona umetoka kwake. Mie nachora, yeye anafua nguo nilizochafua. Akiniletea uji, namwambia, "Nisamehe." Akinivisha shati, "Nisamehe." Sikujua kuwa namwongezea mzigo.

Siku moja akaliweka beseni chini kwa kishindo.

"Kaka, nkojo wako haujanichosha. Hiyo hatia yako ndo inayonichosha. Nikuoshe, nikulishe, na kukubembeleza pia?"

"Nifanyeje, Raya?"

"Chuo kinachukua wanafunzi tena. Nataka kuomba. Na usinambie utabaki na nani."

Sikumwambia, ingawa neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Akaomba, akakubaliwa, akaenda.

Hatia haijanitoka yote. Muda aliopoteza sina pa kuutoa nikamrudishia. Wakija watu kuusifu mkono wangu, nawatajia jina lake.

Ndugu zangu, kapimeni presha. Mtu akipinda mdomo au akilegea mkono, msikae kungoja aandikiwe kombe anywe; mkimbizeni hospitali kwanza. Nawe unayeuguzwa, mshukuru anayekuuguza, kisha umwache apumue.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru yule daktari. Wali napika mwenyewe, na mara nyingi unaungua. Na Raya akipiga simu, kabla hajauliza habari ya mkono, nawahi mimi: "Na wewe, mdogo wangu, umekula?"