Nguo ya Kuzamia Niliyoishona Mwenyewe

Mteja wangu mmoja wa Observatory, mama wa makamo anayefundisha watu kuzamia katika bwawa la kuogelea, alinipa nguo yake kuukuu ya mpira. Akanionya kwamba ile haishonwi, hubandikwa kwa gundi. Nilicheka. Gundi ni ya mafundi viatu. Nikakaa kwenye cherehani yangu hapa Yeoville, Johannesburg, nikaipunguza kiunoni na kuipiga mishono miwili miwili. Mimi na ubishi ni chanda na pete.

Chini ya maji sikufuata samaki. Baba alizama Ziwa Tanganyika nikiwa darasa la tatu, na mwili wake haukupatikana. Kila Jumapili baada ya ibada mama hunipigia kutoka Uvira, na kabla hatujaagana huuliza kama baba alisikia baridi. Kila mara nilimjibu hapana. Nilichoka kumjibu jambo nisilolijua. Kwa hiyo mteja aliponiambia kuhusu meli ya kale iliyozama pwani ya Cape, nilimwomba anifundishe, na baada ya miezi ya bwawani tukasafiri.

Tulishuka polepole tukishika kamba. Maji yalikuwa ya kijani, kisha ya kijivu, na meli ikajitokeza kipande kwa kipande: mbavu za chuma, ngazi isiyofika popote, mwani mrefu ukiyumba pamoja kama kwaya. Hapo baridi ikaniingia kiunoni kupitia matundu ya sindano yangu, tundu moja baada ya jingine. Mganga hajigangi. Nilijikasirikia, halafu nikaogopa sana.

Kisha baridi ikaondoka. Ikanijia raha ya ajabu, nzito, nikaona heri niketi juu ya meli ile nipumzike kidogo. Mteja alinitazama machoni, akanikamata mkono na kunipandisha, nami nikimkatalia. Juu ya boti nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Alinimiminia maji ya vuguvugu shingoni wala hakutaja gundi.

Jumapili mama aliuliza.

“Alisikiaka baridi, mama. Ku mwanzo tu. Kisha iliisha, akasikia kama usingizi.”

Nilidhani nimemuumiza.

“Asante, mutoto yangu,” alisema. “Siku zote ulikuwa unajibu mbio sana.”

Jumapili iliyofuata hakuuliza, na mimi ndiye niliyelia.